Kuvuta kamba kupewe ligi yake Kilifi

Katika sherehe nyingi za pwani yetu, kuvuta kamba ni mchezo wa kujazia muda. Mpira ukishakwisha, kamba hutolewa, watu wakajipanga hovyo, wanene kwa wembamba, filimbi ikalia, vumbi likatimka, na punde kila mtu ashaondoka zake. Huko ni kuudharau mchezo ambao kaunti hii ingepaswa kuupa ligi kamili, kwa kuwa ni vigumu kupata mwingine unaowafunza watu upesi hivyo kufanya kazi pamoja bila kutegea.

Ushahidi ni wa zamani. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alipima nguvu za watu wakivuta kamba katika miaka ya 1880, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913. Watu wanane wakishika kamba moja, kila mmoja alitoa takriban nusu tu ya nguvu alizotoa akiwa peke yake. Sehemu ya upungufu huo ni kutegea: mtu anaona mwenzake anavuta, naye analegeza. Sehemu nyingine si uvivu, ni kutokwenda pamoja. Huyu anavuta kamba wakati yule anavuta pumzi. Anayeburuta mashua mchangani pale Ngomeni au Mayungu anaijua dawa yake: mmoja huongoza sauti, wengine huitikia, na nguvu zote hutoka kwenye itikio. Timu iliyofanya mazoezi huenda vivyo hivyo. Visigino vimezama ardhini, miili imelala nyuma, mikono imenyooka, na wa mwisho ameipitisha kamba mgongoni hadi begani. Kwenye umati wa watu hamsini mtegaji hujificha, lakini katika wanane waliozoeana, akilegea mmoja wenzake wanamjua papo hapo.

Watasema wazito watashinda daima. Kanuni za kimataifa zilishalijibu hilo: wachezaji wote wanane hupimwa, na timu hushindana kwa jumla ya kilo zao. Hofu ya ajali ina uzito zaidi. Mwaka 1997 huko Taipei, kamba iliyovutwa na watu zaidi ya elfu moja ilikatika, na wanaume wawili wakakatika mikono. Kwa hiyo timu zisizidi wanane, kamba iwe nene na ikaguliwe, na asiruhusiwe mtu kuizungusha mkononi. Ama kwa wanaosema kandanda inatosha, mpira wa vijijini huchezwa na vijana ishirini na wawili huku mama zao, baba zao na wauza samaki wakitazama. Kamba inawachukua hao wote. Watumishi wa kaunti tayari huvutana katika michezo ya KICOSCA, na huko Tanzania wizara hushindana katika michezo ya SHIMIWI, wanawake kwa wanaume. Sioni kwa nini mwajiriwa wa ofisini apate nafasi hiyo na mkulima wa Ganze aikose.

Gharama yake haitishi. Kilifi ina wadi 35. Kila moja ipewe kamba, mizani na mwamuzi aliyefunzwa, mechi zichezwe uwanja wowote ulio tambarare, na fainali ziwe katika uwanja wa Karisa Maitha mjini Kilifi. Na siku hiyo timu za wanawake zitangulie, kwa sababu ratiba inapobana, mechi zao ndizo hufutwa kwanza.