Bandari iliyofutwa kwenye ratiba

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunikuta nikizungumza juu ya mambo ya pwani yetu, na pengine watastaajabu leo nikiwapeleka Bahari ya Baltiki, kaskazini ya Ulaya, ambako hata mwezi wa Agosti mtu wa Mombasa hutembea amejikunyata. Haikuwa kwa uwezo wangu. Mwanetu wa kwanza, afanyaye kazi Ujerumani, ndiye aliyetulipia mimi na mamake safari ya meli ya watalii mwaka 2025, na mzazi hakatai hidaya ya mwanawe. Siku za mwanzo nitaziruka, kwani sehemu kubwa ilikuwa ni kula na kulala. Kilichonishikisha kalamu ni bandari tatu za mwisho, yaani Tallinn, Visby na Copenhagen, pamoja na ya nne ambayo hatukuifika.

Hiyo ya nne ni St. Petersburg. Kwa miaka mingi mji huo wa Urusi ndio uliokuwa shabaha ya safari za Baltiki, na abiria wengi walilipa nauli kwa ajili ya kuyaona majumba ya wafalme wake wa kale. Baada ya majeshi ya Urusi kuivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, makampuni ya meli yaliufuta mji huo kwenye ratiba zao, na siku zilizobaki wazi zikajazwa bandari nyingine. Kwenye meza yetu ya chakula palikuwa na watu walioinung'unikia sana hasara hiyo, kana kwamba vita vilipiganwa ili kuwaharibia likizo.

Tallinn ni mji mkuu wa Estonia, nchi yenye watu milioni moja na laki kadhaa tu. Wenzetu walikwenda kuzunguka mji wa kale wenye kuta na minara, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Sisi tulipanda basi tukenda kwenye uwanja wa nyimbo ulio kando ya bahari, kwa sababu mtu wa mashairi hana budi kupazuru mahali pale. Siku ile uwanja ulikuwa mtupu. Tamasha lenyewe lilikuwa limekwisha mwezi wa Julai.

Tamasha la kwanza la nyimbo za Waestonia lilifanywa mjini Tartu mwaka 1869. Aliyelisimamia alikuwa mwenye gazeti, Johann Voldemar Jannsen, na binti yake Lydia Koidula alikuwa mshairi. Tazama basi, msomaji, kazi ya gazeti na kazi ya shairi zilivyokaa nyumba moja! Shairi la Koidula la kuipenda nchi yake lilitiwa sauti mpya na Gustav Ernesaks mwaka 1944. Watawala wa Kisovieti wakalikataza, na mwaka 1960 watu wakaliimba papo hapo uwanjani pasipo ruhusa. Mwaka 1988 wakarudi usiku baada ya usiku kuimba. Tarehe 23 Agosti 1989 watu wapatao milioni mbili wakashikana mikono kutoka Tallinn, kupitia Riga, hadi Vilnius, masafa ya zaidi ya kilomita 600. Tarehe 20 Agosti 1991 Estonia ikatangaza kuurudisha uhuru wake.

Lakini nisiwapambe kupita kiasi. Kiasi cha robo ya wakazi wa nchi hiyo lugha yao ya mama ni Kirusi, na tangu Septemba 2024 serikali imeanza kuzigeuza shule zote zisomeshe kwa Kiestonia, ikianza na shule za chekechea, darasa la kwanza na la nne. Kazi hiyo imekusudiwa kumalizika ifikapo mwaka 2030. Mimi nilitandikwa shuleni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani kwetu, kwa hivyo naielewa hofu ya taifa dogo lililokaribia kumezwa, na nasema waziwazi kwamba wana haki ya kuilinda lugha yao. Hata hivyo, mtoto wa Kirusi wa darasa la kwanza hakuivamia nchi ya mtu. Mwalimu wake asipopewa muda na vitabu vya kutosha, atakayelipa gharama ya siasa hiyo ni yeye.

Kutoka Tallinn tulikwenda Visby, katika kisiwa cha Gotland cha Uswidi. Huko mwenzangu ndiye aliyenivuta mkono kuniingiza katika jumba la makumbusho. Mwaka 1999, mahali paitwapo Spillings, ilifukuliwa hazina ya fedha ya wakati wa Waviking, uzani wake kilo 67, na ndani yake sarafu zaidi ya 14,000, zilizo nyingi zikiwa dirhamu za nchi za Kiislamu. Mwenzangu alibandika uso kwenye kioo akaanza kusoma, kwani chuoni alinishinda tangu tukiwa watoto. Herufi za Kikufi hazina nukta, na fedha yenyewe imekongoroka kwa miaka zaidi ya elfu, lakini jina la Mwenyezi Mungu alilipata mara moja, akalikariri kwa sauti mpaka wazee wawili wa Kiswidi wakageuka.

Imo sarafu moja iliyompa umaarufu mwenye kisiwa. Ilipigwa na Wakhazari, ambao wakuu wao walishika dini ya Kiyahudi, kwa kuiga dirhamu ya Bani Abbas, na mahali pa jina la Mtume Muhammad wakaandika kwamba Musa ni mjumbe wa Mwenyezi Mungu. Mwenzangu alisema, "Na kweli ni mjumbe wake. Kuna ubaya gani?" Sikuwa na jawabu.

Nililokuwa nikilifikiri mimi ni njia. Fedha hizo zilifika Gotland zikipita mikono mingi kwenye mito ya nchi ambazo leo ni Urusi na Ukraine. Leo njia hiyo imezibwa. Uswidi ilikuwa imeiondoa kambi ya jeshi Gotland mwaka 2005, ikairudisha mwaka 2018, na Machi 2024 ikaingia NATO. Siku ya tarehe 25 Desemba 2024 waya wa umeme uliolala chini ya bahari baina ya Finland na Estonia ulikatika, na meli moja ya mafuta ikatuhumiwa kuuburura kwa nanga. Oktoba 2025 mahakama ya Helsinki ilisema haina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo.

Copenhagen tulishuka. Nguva wao wa mwaka 1913 ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, na hayo yanatosha.

Asubuhi ile, tukingojea mizigo, alitujia kijana wa Likoni aliyekuwa akisafisha vyumba vya sitaha yetu. "Mama," akamwambia mwenzangu, "huko Tallinn kukoje?" Alikuwa amefika Tallinn mara nane, na hajakanyaga nje ya gati. Kila meli inapofunga, yeye ana vyumba vya kufagia. Alitueleza pia kwamba ili aipate kazi hiyo alimlipa wakala wa nyumbani fedha ambazo babake alizikopa, na kwamba mshahara wa miezi minne ya kwanza uliishia kwenye deni hilo.

Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi, unataka apewe ruhusa ya kushuka pwani, na Kenya iliuridhia mwaka 2014. Kwa hivyo sheria ipo. Denmark na Uswidi zimekataza tangu tarehe 1 Julai 2025 meli kumwaga karibu na pwani zao maji yaliyooshea moshi wa injini, na wapo watu wa kulisimamia katazo hilo, kwa faida ya samaki. Mawakala wa mjini kwetu wanasimamiwa na nani? Nauliza kwa sababu afisi zinazohusika hazikai mbali na mahali ninapoandikia haya, na mlango wa wakala nao unajulikana na kila kijana wa Likoni.

Mwenzangu alimsimulia Tallinn yote, tangu kuta mpaka bei ya chai. Yule kijana akasikiliza huku akitazama saa, maana abiria wapya walitakiwa kupanda mchana ule ule, na vyumba vilikuwa bado.