Nyota Si Mali ya Shule Kubwa

Wako wanaosema kwamba kupima nyota ni kazi ya Wazungu wenye darubini za mamilioni, na sisi wa shule ya kutwa tukariri tu tupite mtihani. Mimi napinga, na sababu ninazo.

Kuna nyota zenye joto la zaidi ya digrii 10,000, ilhali Jua letu halifiki 6,000. Huzunguka kwa kasi mno hata zikarusha gesi, nayo gesi huzizingira kama ukingo wa kofia. Haidrojeni iliyomo hung'aa kwa wekundu wa pekee. Padre Angelo Secchi wa Roma aliitambua ya kwanza mwaka wa 1866.

Mwaka wa 2000, mojawapo, Delta Scorpii katika kundi la Nge, ilizidi kung'aa. Aliyegundua ni nani? Sebastián Otero wa Argentina, mpenzi wa nyota tu, tena kwa macho yake!

Lakini jicho halimalizi kazi. Katika mwanga wa buluu, nyota yenyewe huifunika gesi. Weka kichujio chekundu, au cha infraredi, yaani miale iliyo ng'ambo ya wekundu ambayo jicho haliioni, na gesi hujitokeza zaidi. Mwanga huo ukiongezeka mwezi baada ya mwezi, kofia inapanuka. Ukipungua, gesi inatawanyika.

Mtaniuliza, vifaa tutatoa wapi? Kila mwaka klabu ya sayansi hukodi basi la matembezi. Mwaka huu tusiende. Nauli hiyo iwe akiba ya darubini ndogo, kamera na vichujio viwili. Najua wengine mtanuna, lakini matembezi huisha jioni, na darubini itawafaa hata watakaotufuata.

Tukingoja, tuanze na daftari. Mwezi wa Julai Nge huwa juu angani usiku. Delta ni ile ya katikati kati ya tatu za kichwani. Ilinganishe na jirani zake, uandike tarehe. Wenzetu wa bweni saa hizo wamefungiwa kwenye prepu. Sisi tuko nyumbani, na stima ikipotea, anga lote ni letu!

Haba na haba hujaza kibaba. Walimu wetu, tupeni nafasi tupime, tusiwe wa kukariri vipimo vya wengine siku zote. Au wenzangu mwaonaje?