Anayefaa si lazima awe mkali

Mwandishi wa makala kuhusu kumtafuta mtu wa kukusimamia utimize uliyoahidi ameeleza vizuri, ila pale anapomshauri mtu mwepesi wa kuumia atafute msimamizi mkali ili azoee, hapana. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya matokeo 607 ya tafiti kuhusu kumwambia mtu kazi yake ikoje. Kwa wastani kulisaidia, lakini zaidi ya theluthi moja ya matokeo yalionyesha utendaji umeshuka, na kadiri maneno yalivyomgusa mtu mwenyewe badala ya kazi, ndivyo yalivyopungua nguvu. Basi mtu huyo anahitaji mwenzake wa kumuuliza, “Zile kurasa ulizoahidi umeziandika?”, siyo “Mbona mvivu hivi?”

Nanyi mnaosema huko ni kudekezana, mtazameni daktari Bob Smith wa Akron, Marekani. Wengi walikuwa wameshamsihi aache pombe. Aliyemfikia, mwaka 1935, ni Bill Wilson, mlevi mwenzake, aliyemsimulia yaliyomkuta yeye mwenyewe bila kumhubiria. Wawili hao wakaanzisha Alcoholics Anonymous, na tangu Juni mwaka huo Smith hakunywa tena mpaka alipofariki mwaka 1950. Wilson hakumlegezea kitu, alimheshimu tu.