Njia za Kajiado Zisizibwe

Watu wetu wengi wa Pwani waijua Kitengela kwa dirisha la basi tu. Atokaye Nairobi kwenda Namanga na Arusha huipita baada ya kilomita 30 hivi, akaona maduka na maghorofa, kisha akasinzia mpaka mpakani. Twasema hiyo ni hasara. Nchi ile yatuhusu, nayo yafaa kutembelewa kabla njia zake hazijazibwa.

Katika karne ya 19, misafara ya Waswahili iliyotoka Mombasa na Pangani ndiyo iliyofikisha ushanga wa Ulaya Umasaini, ikarejea na pembe. Katika miaka ya 1910 ikajengwa reli kutoka Konza, kupitia Kajiado, hadi Ziwa Magadi. Na tangu hapo magadi yakawa yakisafirishwa ng'ambo kwa bandari ya Mombasa. Huko hutumiwa kutengenezea kioo, na kwetu mpishi hutia chembe katika kunde ziive upesi. Basi Kajiado si ugenini kama tudhanivyo.

Lakini njia kongwe kuliko zote ni ya wanyama. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, iko wazi upande wa kusini. Huko nyumbu na punda milia hutoka wakati wa mvua kwenda nyanda za Kitengela, na kiangazi hurudi mbugani kufuata maji. Nyumbu hao walikuwa karibu 30,000 mwaka 1978. Kufikia mwaka 2011 walibaki chini ya 5,000.

Sababu si siri. Ranchi za pamoja, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 1968, zilianza kugawanywa vipande katika miaka ya 1980. Kila mwenye hati akawa huru kuuza, na mnunuzi akawa huru kuweka seng'enge. Mji wa Kitengela ulihesabiwa watu zaidi ya 58,000 mwaka 2009, na zaidi ya 154,000 mwaka 2019.

Hatuwalaumu wauzaji. Mwenye watoto wa kusomesha, na ng'ombe wake wamekufa kwa ukame, hashibi kwa kutazama punda milia. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenyeji dola 4 za Marekani kwa eka kwa mwaka ili wasizungushie ua. Mpango huo ulikuwa wa busara, lakini dola 4 haziwezi kushindana na bei ya kiwanja.

Wapwani tusiyaone haya kuwa ya wengine. Ni nani kwetu asiyejua kichochoro cha kuendea bahari kilichozibwa kwa ukuta? Mvuvi huzunguka mbali na nyavu begani, ilhali babu yake alikata moja kwa moja. Mmaasai na ng'ombe wake wamo katika shida ile ile.

Basi aliyejaliwa nafasi na ashuke Kitengela, apite Isinya hadi Kajiado mjini. Anunue ushanga kwa mkono wa aliyeutunga, wala asimpige mtu picha bila idhini. Nyama choma iko tele. Mwislamu na aulize kwanza ni nani aliyechinja.

Nazo serikali za kaunti, ya Kajiado na za Pwani, ziandike njia hizi katika ramani na kuzilinda kwa sheria kabla viwanja havijauzwa. Ukuta ukishajengwa, kuubomoa ni kesi ya miaka.