Litowa: Kuhama si Kuhamishwa

Elimu ya uraia hufundishwa mara nyingi kwa kutaja marais, vyama na katiba. Mimi naamini kwamba kijiji kidogo cha wakulima chaweza kutufunza zaidi. Mfano wangu ni Litowa, huko Songea, kusini mwa Tanzania.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wachache wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walikwenda kufyeka pori ili walime kwa ushirika. Hakuna aliyewaamuru. Walikuwa na shamba la pamoja, wakagawana mapato, na mambo makubwa yakaamuliwa katika mkutano wa wanakijiji. Wakaanzisha shule ambayo watoto walijifunza humo kusoma, kulima na kushiriki katika maisha ya kijiji. Vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika umoja wa maendeleo uliojulikana kwa kifupi kama RDA. Mwalimu Nyerere alivutiwa nao. Alipochapisha "Ujamaa Vijijini" mwaka 1967, mengi aliyoyaeleza yalikuwa tayari yakitendeka Ruvuma.

Hata hivyo, mnamo Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo. Baadhi ya viongozi hawakupendezwa na wakulima waliojiamulia mambo bila kungoja maagizo. Kisha, kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya Watanzania walipelekwa katika vijiji vipya kwa operesheni, mara nyingi kwa nguvu.

Hapa sarufi yatusaidia. Watu wa Litowa walihama. Watu wa operesheni walihamishwa. Mzizi ni mmoja, lakini viambishi vichache vimebadilisha mtenda kuwa mtendwa. Vivyo hivyo, neno "ujamaa" lilibaki lilelile midomoni huku maana yake mashambani ikigeuka.

Wapo watakaosema kwamba serikali ilikuwa na haraka, kwani shule, maji na zahanati haviwezi kuwafikia watu waliotawanyika. Hoja hiyo ina uzito, na huduma hizo zilifika katika vijiji vingi. Lakini zahanati yaweza kujengwa kwa amri, ushirika hauwezi. Shamba la pamoja linalolimwa kwa kuogopa bwana mkubwa halina mwenyewe, na lisilo na mwenyewe huota magugu.

Sisi majirani wa Tanzania tusiisome habari hii kama ya wengine. Katika nchi zetu pia, mipango ya kijiji huandikwa ofisini, kisha wakulima huitwa kuipigia makofi. Basi fanyeni zoezi hili: mwulizeni mzee mmoja wa kijijini kwenu jinsi kijiji kilivyoanza, na nani aliamua. Andikeni majibu yake kwa Kiswahili, mkichunguza kila kitenzi: je, ni cha kutenda au cha kutendwa?