Bichi Gani, Jamani?

Kila kiangazi ni ubishi ule ule hapa Shinyanga: safari hii twende bichi gani? Huyu anataka penye muziki mnene, yule penye mishikaki. Habari ya maji haiulizwi!

Nasema wazi, anayetaka kuninunia aninunie: ziwa letu hatulijui. Hata tukiliandika tunaandika Bahari ya Hindi. Nimesoma mashairi ya wenzetu wa Kahama na Geita, minazi tupu na chumvi ya mawimbi! Chumvi ya wapi? Ziwa Viktoria lina matete, washikaji, na kwenye matete kuna konokono wanaobeba kichocho. Vijidudu vyake vinapenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache tu ukiwa majini. Huenda usisikie hata muwasho. Baadaye unaharisha damu, unasema umelogwa.

Basi iwe Nungwe, iwe Chato, au wa Geita mvuke daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025, mwende Mwanza, kagueni kwanza. Maji yametulia na yana majani? Kaa mchangani ule sato wako. Penye mchanga mtupu na mawimbi hatari hupungua, haiishi. Umeoga? Kapime baadaye, dawa ipo.

Sisi angalau tunachagua. Mtoto wa mvuvi anachota maji mwaloni, anaoga hapo hapo, anafua hapo hapo, na kesho tena. Mbona huyo simuoni kwenye mashairi yenu?