Kompyuta ya Video Sebuleni: Tununue Inayotosha

Akina mama wapenzi, mwezi huu tunaingia sebuleni. Familia nyingi sasa zinataka kompyuta moja iliyounganishwa na televisheni, ili video za harusi, za ubatizo, za kwaya na sinema za watoto ziwe mahali pamoja. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi baba na vijana hurudi kutoka dukani na orodha ya vipuri vya bei ya kutisha, na fedha zenyewe ni zile zile za karo. Basi mama naye ajue cha kuuliza.

Sisi wauguzi tumefundishwa kwamba mgonjwa hapewi dawa ya ugonjwa asio nao. Na hapa ni hivyo hivyo. Video huhifadhiwa ikiwa imebanwa ili isichukue nafasi kubwa, na kompyuta huifungua wakati wa kuionyesha. Namna za kubana zinazokutwa sana ni H.264 ya mwaka 2003, H.265 ya mwaka 2013 na AV1 ya mwaka 2018. Prosesa yenye sehemu maalumu ya kufungua namna hiyo hufanya kazi bila kuhangaika. Isiyo nayo hupata joto, feni hupiga kelele na picha hukwama. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lisiwe "Ina nguvu kiasi gani?" bali "Inafungua video za aina gani yenyewe?"

Tuangalie vipuri kimoja kimoja.

Prosesa. Kompyuta ya ofisini iliyokwisha kutumika yenye Intel Core ya kizazi cha 7, kwa mfano i3-7100 au i5-7500, hufungua H.264 na H.265, hata picha za 4K. Anayetaka AV1 aanzie Core ya kizazi cha 11. Ukiona jina la prosesa ya Intel linaishia na herufi F, acha, maana haina sehemu ya picha na utalazimika kununua kadi.

Kadi ya picha. Kadi kubwa ni za michezo ya kompyuta. Kwa video, nyumba nyingi hazina haja nayo. Tena fikirini umeme: wati 100 za ziada kwa saa 4 kila jioni ni uniti 12 kwa mwezi.

Ramu. Gigabaiti 8 zinatosha.

Diski. Hapa ndipo pa kuweka fedha. SSD ndogo ya gigabaiti 240 ibebe programu, na diski kubwa ibebe video. Video nzuri ya HD huweza kuchukua kama gigabaiti 3.6 kwa saa, hivyo terabaiti 1 hubeba zaidi ya saa 250. Lakini diski hufa bila kuaga. Sinema hupatikana tena. Harusi ya binti haipigwi mara ya pili. Nunueni diski ya pili ya nje, mweke nakala, kisha ikae kabatini.

Waya wa televisheni. HDMI 1.4 hupitisha 4K kwa picha 30 kwa sekunde, nayo HDMI 2.0 kwa picha 60. Sinema nyingi ni za picha 24 kwa sekunde, kwa hiyo hata ile ya zamani inafaa.

Programu. Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za kizazi cha 7 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Mwambieni fundi aweke Linux pamoja na VLC. Zote ni za bure.

Mwisho, msilipe kabla ya kujaribu. Bebeni flashi yenye video zenu, hasa ile iliyo nzito kuliko zote, ichezwe mbele yenu kwa dakika 10. Tazameni kama picha inakwama, sikilizeni kama feni inavuma. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mshukuruni kwa upole mwende duka la pili.

Fedha itakayobaki, mama, unajua mwenyewe inakohitajika. Tuonane mwezi ujao.